Dalili za Mvua Bugarama: Uhakiki wa Mada ya "Majira ya Kuchipua"

Katika makala haya hatuhakiki riwaya wala diwani. Tunahakiki vitu vitatu vidogo vinavyopita mikononi mwetu kila mwaka bila kuulizwa swali: mada ya insha, insha ya mwanafunzi, na alama tulizompa. Tumeona ni vema tuanze na kosa letu wenyewe, kwani mwalimu asiyekubali kusahihishwa hana haki ya kushika kalamu nyekundu.

Mada ni hii: "Eleza dalili za kwanza za majira ya kuchipua katika bustani ya kwenu." Imekuwa katika orodha yetu ya mazoezi kwa miaka mingi. Hatukuitunga sisi. Tuliirithi pamoja na vifungu vya ufahamu vilivyotafsiriwa kutoka katika vitabu vya kufundishia lugha za Ulaya, kisha tukaiendeleza kwa mazoea. Wanafunzi wengi huijibu kwa namna wanayojua kuwa tunataka kuisoma. Huandika kwamba theluji imeyeyuka, kwamba mwezi Machi jua limerudi, kwamba vijiua vimechomoza ardhini na ndege wameanza kuimba. Wengi wao hawajaiona theluji hata siku moja. Sarufi yao huwa safi, nasi huwapa alama nzuri.

Mwanafunzi mmoja aliyekulia Bugarama, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, aliandika mengine kabisa. Hakutaja theluji. Aliandika juu ya vumbi, upepo, mwembe, lengalenga, na mbegu za maharagwe zilizofungwa katika kitambaa. Tulimpa alama 9 kwa 20. Neno "Agatasi" tulilipigia mstari na kuandika kwamba si Kiswahili. Mwishoni tuliandika: "Uko nje ya mada." Swali la makala haya ni hili: nani alikuwa nje ya mada, yeye au sisi?

Mada na asili yake

Katika nchi zilizo mbali na ikweta, mwaka hugawanywa kwa joto na baridi. Mimea hulala kwa sababu ya baridi na huamka baridi inapoondoka. Wakati huo wa kuamka ndio tunaouita kwa Kiswahili majira ya kuchipua, au machipuko. Jina hili ni la kutungwa, nalo si baya. Kasoro ni kwamba tulipolipokea hatukuuliza kinachochipua ni nini, kinachipua wapi, na kwa sababu gani. Kwetu mimea haingoji joto, kwa kuwa joto lipo. Inangoja maji.

Kasoro hiyo huwa kubwa zaidi tunapoyachukua maneno ya kale ya pwani na kuyalazimisha yabebe majira manne ya Ulaya. Katika madarasa mengi huchorwa jedwali ubaoni: kiangazi, vuli, kipupwe na machipuko, kila neno likiwekwa mkabala na msimu mmoja wa huko. Jedwali hilo ni rahisi kulikariri, lakini linapotosha. Kwa watu wa pwani ya Bahari ya Hindi, masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Kipupwe ni majira ya ubaridi baada ya masika, kusi ikivuma. Vuli ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba. Kaskazi ni upepo na majira ya kuanzia Desemba hadi Machi, ambayo kwa karne nyingi yalileta majahazi kutoka Arabuni.

Tazameni basi lililolipata neno vuli. Mkulima wa pwani akisikia vuli hufikiria jembe, mbegu na majani mapya. Mwanafunzi wetu akisikia vuli hufikiria majani makavu yanayopukutika. Tumelichukua neno la kuota tukalifanya neno la kunyauka. Hatusemi kwamba lugha imekatazwa kuongeza maana. Tunasema kwamba ni kosa kufundisha maana ya pili huku ya kwanza imefichwa, hasa kwa mwanafunzi ambaye ya kwanza ndiyo anayoiishi.

Bugarama na kalenda yake

Bugarama tunayoizungumzia si ile ya Muramvya, iliyo kwenye njiapanda ya kwenda Kayanza na Gitega, mahali penye baridi. Wala si ile ya Rwanda. Ni Bugarama ya kusini mwa Bujumbura, iliyokuwa tarafa ya mkoa wa Rumonge tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2015, kabla mipaka ya mikoa haijapangwa upya mwaka 2025. Upande wa chini, huko Magara, inapita barabara kuu ya kwenda Rumonge, na hapo ndipo lilipo ziwa, kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukitoka ziwani kuelekea mashariki, uwanda wa Imbo ni mwembamba. Mara unaanza kuipanda miteremko mikali ya Mumirwa. Kwa hiyo bustani mbili ambazo mtu anaweza kutoka moja hadi nyingine kwa miguu zinaweza kutofautiana kwa joto, na hata kwa siku ya kupata mvua.

Kirundi kina majina yake ya majira. Ici ni kiangazi kirefu, tangu Juni hadi Septemba. Agatasi ni msimu unaoanza mvua zinaporudi, Septemba au Oktoba. Impeshi ni msimu wa pili wa kilimo, unaoanza Februari. Wataalamu wa kilimo nchini humo huiita misimu hiyo A, B na C, na Agatasi ndiyo A, yaani wa kwanza. Kama Bugarama kuna kitu kinacholingana na majira ya kuchipua, basi ni mwanzo wa Agatasi. Aidha, Burundi yote iko kusini mwa ikweta. Hata kwa hesabu ya jua tu, machipuko yake yangeangukia Septemba, si Machi. Waliotuandikia Machi walikosea mara mbili, nasi tukawapa alama.

Insha: maudhui

Tuitazame sasa insha yenyewe. Mwandishi anaanza mwezi Agosti, ua wa nyumba ukiwa na vumbi na migomba ikiwa imechanika kwa upepo. Ng'ambo ya ziwa, milima ya Kongo haionekani. Moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi la kiangazi vimeifunika, na mgeni anaweza kudhani kwamba ziwa halina upande wa pili. Mwembe umeshatoa maua. Umurinzi, mti ambao maua yake mekundu huja matawi yakiwa hayana majani, umewaka kando ya njia. Mwandishi anasema wazi kwamba hizi bado si dalili za mvua. Ni miti inayojitayarisha tu.

Hapa tulipaswa kusimama na kutafakari. Mwanafunzi amegundua jambo ambalo mada yetu haikulijua: kwake kuchipua na mvua si kitu kimoja, na kuchipua kunaweza kutangulia. Angeweza kuipa hoja hiyo nguvu zaidi kwa kutazama kusini mwa kwao. Katika hifadhi za Rumonge na Vyanda ipo misitu ya miombo, na miombo inajulikana kwa tabia yake ya kutoa majani mapya, mara nyingi yenye rangi nyekundu au ya shaba, kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Miti hiyo hutumia maji iliyoyahifadhi na yale ambayo mizizi yake inayapata chini ardhini. Kwa hiyo anayetaka kuyaona majira ya kuchipua kwa maana halisi ya neno hilo hana haja ya kwenda Ulaya. Aende miomboni mwezi Septemba.

Baada ya hapo insha inazipanga dalili moja baada ya nyingine. Upepo wa kusini, uliolichafua ziwa tangu katikati ya mwaka, unalegea. Joto la mchana linakuwa zito na la kunata. Usiku umeme unamulika upande wa Kongo bila ngurumo kusikika. Mbayuwayu wanaonekana wamejipanga juu ya nyaya kando ya barabara. Mvua moja inanyesha, fupi, yenye harufu ya vumbi, na kesho yake asubuhi milima ya ng'ambo imesimama wazi kana kwamba imesogea karibu. Mvua ya pili inakuja, kumbikumbi wanaruka jioni, na watoto wanaweka beseni la maji chini ya taa. Siku chache baadaye, nyuma ya jiko, lengalenga inaota yenyewe bila ya kupandwa na mtu.

Mpaka hapo ni insha nzuri ya maelezo. Kinachoipandisha daraja ni mama wa mwandishi. Mama huyo hapandi. Mbegu za maharagwe ziko ndani ya kitambaa juu ya dari, na majirani wawili wameshapanda. Yeye anachimba kwa kidole katika udongo wa bustani, anatazama unyevu umeshuka hadi wapi, anafunika, anaondoka. Mvua inapotea kwa siku kadhaa. Maharagwe ya majirani yanaota, kisha yananyauka. Mama anapanda baada ya mvua ya tatu.

Kwa mtoto wa mjini dalili za msimu ni mapambo ya insha. Kwa nyumba hii ni hesabu. Mbegu ya kupanda ni chakula ambacho familia ilijinyima wakati wa Ici, na ikipotea ardhini, ya pili hununuliwa wakati bei iko juu au hukopwa. Kuona vibaya kuna gharama. Sisi tulioandika "nje ya mada" hatukuliona jambo hilo, kwa sababu mada yetu ilidhani kwamba kazi ya dalili ni kumfurahisha mtazamaji.

Yapo pia mapungufu ya maudhui, nasi hatutayaficha kwa sababu ya kujuta. Mwandishi anawahesabu mbayuwayu wote kuwa wageni, ilhali wapo wanaoishi huko mwaka mzima. Wanaotoka Ulaya na Asia ni baadhi tu, nao hufika kati ya Septemba na Oktoba. Vilevile ziwa linatajwa kama mandhari tu. Mtu wa Magara angetarajia kusikia habari za wavuvi wa ndagala na mukeke, ambao nao husoma upepo huohuo kwa ajili ya riziki yao.

Insha: fani

Kwa upande wa fani, mpangilio wake ni wa wakati, na umefuatwa vizuri. Sentensi zake ni fupi. Vitenzi ni vingi kuliko vivumishi, jambo tunalolihimiza kila siku darasani na kulisahau wakati wa kusahihisha. Maneno kama lengalenga, isombe na mawese yametumika mahali pake. Ndiyo maneno ya jikoni mwa pwani ya ziwa hilo, nasi hatukuwa na sababu ya kudai mchicha, kisamvu na mafuta ya ngazi.

Hata hivyo, neno Agatasi limeachwa bila maelezo. Msomaji wa Lamu au wa Tanga hawezi kulijua, na mwandishi ana wajibu wa kumshika mkono. Sentensi moja ingetosha. Kwa hiyo kosa lililokuwapo ni la kutofafanua. Sisi tuliandika kwamba si Kiswahili, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kasoro kubwa zaidi iko mwishoni. Akitafuta namna ya kufunga, mwandishi ameegemea methali tunayowafundisha wote: dalili ya mvua ni mawingu. Insha yake nzima imekwisha kuonyesha kwamba sivyo. Mwezi Agosti mawingu yalikaa juu ya Mumirwa siku kadhaa, hayakuleta kitu. Methali ni kauli ya jumla, na ubora wa insha hii ulikuwa katika kuikosoa kauli ya jumla kwa jicho la mtu mmoja. Angeigeuza methali hiyo kuwa swali, angepata mwisho wenye nguvu. Tunakiri kwamba sisi ndio tuliomzoesha kuamini kwamba insha isiyo na methali haijakamilika.

Kabla ya methali hiyo ipo aya ambayo tuliikata kwa mstari mwekundu. Mvua zimeshika, na mama anakwenda nyuma ya nyumba na jembe kuuzibua mfereji wa kuondoa maji. Tuliona kwamba aya hiyo inaharibu furaha ya mada. Leo tunaiona kuwa aya ya lazima. Miteremko ile si salama wakati wa mvua. Mwezi Machi 2015 maporomoko ya udongo huko Gitaza, jirani na Bugarama kwenye barabara hiyohiyo, yaliua watu na kuifunga njia. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda hadi kufunika nyumba na mashamba ya ufukweni, Rumonge ikiwemo. Mtu wa Bugarama anapoona dalili za mvua hufurahi na kuogopa kwa pamoja. Mwandishi aliyaweka yote mawili katika ua mmoja kwa jembe moja.

Dalili zinapovuka mipaka

Tatizo hili haliishii katika insha. Wanaosomea tafsiri hulikuta mara kwa mara. Soneti ya 18 ya Shakespeare humlinganisha mpenzi na siku ya majira ya joto. Mwanafunzi akilifuata jedwali letu ataandika siku ya kiangazi. Kwa msomaji wa Bugarama, siku ya kiangazi ni vumbi, kiu na migomba iliyochanika. Mpenzi atadhani ametukanwa. Hali kadhalika, katika sura ya pili ya Wimbo Ulio Bora mpendwa anaitwa atoke nje kwa sababu mvua imekwisha. Katika nchi ya Palestina mvua hunyesha wakati wa baridi, na maua huja baada yake, hivyo mwaliko ni wa furaha. Imbo, habari kwamba mvua imekwisha ni habari ya kuanza kubana chakula. Maneno yametafsirika, dalili haikutafsirika. Mfasiri hana budi kujua anachokihamisha, na mwalimu hana budi kumwonyesha.

Mbayuwayu ndiye mfano mzuri kuliko yote. Ulaya ipo methali ya kale, aliyoitumia hata Aristotle, kwamba mbayuwayu mmoja haleti machipuko. Ndege huyohuyo akiondoka huko hufika kwetu, na Bugarama huonekana mvua zinapokaribia. Kwa Kirundi huitwa intamba, jina linalojulikana hata na wasiotazama ndege, kwa kuwa timu ya taifa ya soka ya Burundi huitwa Intamba mu Rugamba. Ndege ni mmoja, naye ni dalili ya majira mawili tofauti katika sehemu mbili za dunia. Somo moja juu ya ndege huyo lingewafaa wanafunzi kuliko majedwali kumi.

Hoja za wenzetu

Tulipoijadili insha hii na wenzetu, zilitolewa hoja mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi anapaswa kuijua dunia, na huko aendako atakutana na majira ya Ulaya. Tunakubali. Tuendelee kufundisha majira ya kuchipua, lakini kama jina la majira ya watu fulani, pamoja na sababu zake. Kilichotuponza ni maneno mawili ya mwisho wa mada: "ya kwenu". Tulimwuliza mtu habari za kwao, kisha tukamwadhibu kwa kuzijibu.

Hoja ya pili ni kwamba tukikaribisha Agatasi leo, kesho kila lugha italeta majina yake na Kiswahili Sanifu kitapoteza mwelekeo. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hata majirani wa karibu hawakubaliani: impeshi ya Burundi ni msimu wa mvua na kilimo, ilhali impeshyi ya Rwanda ni kiangazi. Lakini mfano huo unatufundisha kwamba hakuna jina la majira linaloweza kusafiri peke yake, liwe la Kirundi, la Kiingereza au la Kimvita. Masika na kaskazi nayo yalikuwa maneno ya mahali. Yalienea kwa sababu watu wa mahali hapo ndio walioandika kwanza. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 tumesema mara nyingi kwamba Kiswahili ni chao pia. Kikiwa chao, basi mvua yao nayo iwe na nafasi ndani yake.

Hitimisho

Kwa kuzingatia hayo, tumeisahihisha upya insha ile na kuipa alama 15. Tano zilizobaki ni za Agatasi isiyofafanuliwa, mbayuwayu wasiotofautishwa, ziwa lisilo na wavuvi, na methali ya mwisho. Mwandishi ameelezwa sababu zote. Mada nayo tumeibadilisha. Sasa inasomeka hivi: "Eleza dalili tatu za kubadilika kwa majira ulizoziona mwenyewe mahali unapopajua. Taja mwezi, na ueleze ni kazi gani inayoanza au kusimama kwa sababu yake." Katika kusahihisha tutauliza maswali matatu: je, ameona, je, amepanga, je, amemfafanulia asiyepajua?

Tunawaomba walimu wenzetu wa Kigoma, Uvira, Pemba, Mombasa na kwingineko watuletee majina ya majira yanayotumika wanakofundisha, pamoja na dalili zake, ili tuyakusanye na kuyachapisha katika matoleo yajayo. Wanafunzi nao wanakaribishwa, na watakaotukosoa zaidi.

Jambo moja tungependa libaki katika kumbukumbu za wasomaji wetu. Mama wa Bugarama alichimba kwa kidole kabla ya kupanda. Sisi tulihukumu bila kugusa udongo.